Sufu Haiyeyuki

Kuhusu kofia zangu nimeshuhudia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kanisani, Jumapili moja ya Julai 2022, na nilidanganya.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka Njabini hadi kwenye ngazi za kanisa. Julai huku Kinangop si mwezi wa mchezo. Tuko juu ya mita 2,400, mgongo wa Nyandarua umetuinamia, na kuna alfajiri ambazo jalidi huchoma majani ya viazi mpaka yakaamka meusi kama yaliyomwagiwa maji moto. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama, kofia mkononi, maana mwanamume hakai kanisani na kofia kichwani, nikaiinua kila mtu aione. Nikasema Mungu amenitoa kwenye pikipiki akanipa biashara. Nikasema kofia hii, wapendwa, ni sufu safi ya kondoo wa hapa kwetu, imefumwa na shosho wangu mnayemwona pale, na sasa inaagizwa mpaka Marekani. Makofi yakapigwa. Amina zikaja tatu tatu. Shosho alikuwa benchi ya pili, leso mabegani, uso ameuelekeza mahali pasipo na mtu. Hakusema kitu.

Ile kofia haikuwa sufu. Ilikuwa akriliki, uzi wa kiwandani unaotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, nilioununua kwa bei ya jumla Nairobi. Shosho naye hakuwa ameifuma. Wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Hata chai alikuwa akiimimina kwa kusikiliza mlio wa kikombe kinavyojaa. Aliyeifuma ni mimi. Katika maneno yangu yote ya siku ile, la kweli lilikuwa Marekani peke yake.

Kabla ya kofia nilikuwa boda boda. Mei 2021, kwenye barabara ya kutoka Njabini kwenda Flyover, lori la viazi lilikuwa limesimama kwenye ukungu bila taa, nami nikalikuta. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Nikawekwa plasta mpaka pajani, na miezi minne nikawa mtu wa kulala kwa shosho, nikihesabu misumari ya mabati.

Lazima nieleze kwamba shosho hajawahi kuniita mjukuu. Mimi ni kifungua mimba wa mwanawe wa kwanza, na kwa desturi yetu Wakikuyu nilipewa jina la babu. Basi huniita "mzee wangu". Akikasirika huwa "mume wangu", na hapo ujue kuna kazi. Siku moja akasema, "Mume wangu, utalala hivyo mpaka lini? Hebu vuta huo mfuko ulio chini ya kitanda changu." Ndani ya mfuko mlikuwa na spoku nne za baiskeli, ncha zimesuguliwa kwenye jiwe mpaka zikang'aa, na fundo la uzi mwekundu wa sweta kuukuu. Wanawake wengi wa rika lake walijifunza kufuma kwa spoku, kwa sababu sindano za dukani zilikuwa na bei na baiskeli mbovu haikosekani kijijini.

Alinifundisha kwa vidole. Nilifuma, nikampa, akapitisha kidole gumba juu ya vitanzi kama mtu anayesoma. "Hapa umeangusha kimoja." Akavuta uzi, kazi ya saa mbili ikawa rundo mapajani mwake. Hakuwa na huruma hata chembe. Wiki ya tatu aliacha kuvuta. Hakunisifu, ila aliacha kuvuta, na kwa yule mama hiyo ni shahada.

Kofia ya kwanza iliyokamilika ilikuwa nyembamba kama soksi. Ya pili ilinifunika mpaka pua. Ndipo nikajua kwamba kichwa cha mwanamume hupimwa. Vichwa vingi vya watu wazima huzunguka sentimita 56 hadi 60, lakini kofia haifumwi kwa kipimo hicho; hufumwa ndogo zaidi, kisha ivutike. Mimi huanza na vitanzi 88 kwenye sindano za milimita 4, viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka itoke mistari iliyosimama kama matuta ya viazi. Matuta hayo ndiyo yanayoifanya ivutike na kurudi. Nikifika karibu sentimita 20 naanza kupunguza vitanzi, vinabaki vinane, napitisha uzi katikati na kukaza. Basi. Hakuna ua, hakuna kishada utosini, hakuna maandishi. Wanaume wa kwetu wanataka nyeusi, kijivu, buluu iliyoiva, na wachache jasiri wanataka rangi ya udongo. Ndiyo hiyo Wakenya tunaita marvin na Watanzania wanaita mzula.

Nilikuwa nafuma usiku. Mwanamume kukaa na sindano mbele ya wenzake wa steji, hapana. Rafiki akija kunijulia hali, nilisukuma kila kitu chini ya blanketi, na mara moja spoku ilinidunga pajani huku nikicheka na mgeni. Nilipoanza kuuza kwa madereva wenzangu, shilingi 350, marvin nyepesi inayoingia chini ya helmeti, waliniuliza nani anafuma. Nikasema shosho. Jibu lilitoka lenyewe. Hakuna aliyeshangaa, hakuna aliyecheka, na nikaona lina faida.

Baadaye mpangaji wa jirani, kijana wa chuo, akanifungulia ukurasa Facebook na mwingine Instagram. Nikazipa jina la shosho. Picha ya kofia peke yake ilikuwa ikipata watu wanane, kumi. Siku niliyoweka picha ya mikono ya shosho, ile mikono yenye mishipa kama mizizi, ikiwa imeshika sindano ambazo nilikuwa nimempa dakika ile ile azishike, simu ililia mpaka chaji ikaisha. Watu waliandika, "Nimemkumbuka nyanya yangu." "Mungu amtunze." "Ni ngapi?"

Na lile neno sufu lilikuwaje? Hapa lugha yetu ya sokoni ilinibeba. Nenda duka lolote la nyuzi Nairobi, kila donge huitwa wuli, hata kama halijawahi kumwona kondoo. Nami nikaandika wuli. Mteja mmoja akauliza, "Ni wuli ya kondoo kweli?" Nilikuwa na sekunde moja ya kuchagua. Nikaandika: "Ndiyo, kondoo wa Kinangop." Bei ya mtandaoni ikapanda kutoka 450 hadi 1,200, akalipa kwa M-Pesa kabla sijaweka simu chini. Kesho yake nikayaweka maneno hayo kwenye maelezo ya ukurasa, kwa herufi kubwa.

Biashara ya mtandaoni ukiwa kijijini si ngumu kama watu wanavyodhani. Oda inaingia kwa WhatsApp, pesa inaingia kwa M-Pesa, kifurushi nakipeleka steji asubuhi kinapanda matatu, na mteja wa Nairobi anakichukua ofisi ya matatu mchana huo huo. Wa Eldoret au Kisumu hungoja siku moja zaidi. Kigumu ni picha. Kofia nyeusi ukiipiga ndani ya nyumba huonekana kama sufuria iliyoungua. Nilijifunza kuipiga nje, saa mbili asubuhi, jua likiwa bado limejificha kwenye ukungu, imevalishwa kwenye mtungi. Mtungi hauhitaji kulipwa na haufumbi macho.

Mteja wa Marekani alikuwa Mkenya anayeishi Minnesota. Juni 2022 aliagiza kofia 12, zake na za wenzake kazini, akalipa zote kwa mkupuo. Ndizo nilizotangaza kanisani. Ndugu yake aliyekuwa akisafiri Oktoba alizibeba kwenye sanduku. Nikamtumia ujumbe wa shukrani, na kwa kuwa nilishazoea, nikaongeza, "Shosho anakusalimia."

Januari 2023, usiku, nikakuta video. Sahani nyeupe. Mkono wa mwanamume umeshika kibanio, na kwenye kibanio kipande cha uzi mweusi. Kiberiti kikawashwa. Uzi ulijikunja, ukalia kidogo, ukatoa moshi mweusi, kisha ukadondosha tone la moto sahanini. Mkono ukangoja. Halafu ukachukua kijiko ukaligonga lile tone: ko, ko, ko. Gumu kama kokoto.

Chini ya video kulikuwa na ujumbe wa sauti. Kosa langu ni kwamba niliufungua kwa sauti ya juu.

"Kijana, mimi nimezaliwa Molo. Mama yangu alifuga kondoo wa sufu. Sufu haiyeyuki. Juzi nimetoka kuondoa theluji mlangoni, baridi ya nyuzi joto 25 chini ya sifuri, kofia yako ikalowa jasho, ikanigandia kichwani. Sitaki unirudishie pesa. Nataka jambo moja tu. Huyo mama wa kwenye picha, yuko? Nipe niongee naye."

Kutoka chumba cha pili shosho akauliza, "Nani huyo ananitafuta?"

Ningeweza kusema ni redio. Nilifikiria kusema ni redio. Lakini alikuwa ameshaamka, anapapasa ukuta akija, na nilipomwona amesimama mlangoni na leso yake, nikamwambia yote. Picha ya mikono. Ukurasa wenye jina lake. Sufu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kwenye kigoda karibu na jiko akasema nimletee kiberiti.

Alichomoa unywele mmoja kichwani mwake, mweupe, akanipa niuwashe. Ukasinyaa, moto ukazima wenyewe, chumba kikanuka ile harufu ya kinyozi. "Sufu inanuka hivi," akasema. "Ukilishika jivu lake linasagika. Sisi tulikuwa tukiwapima wanunuzi na wao wakitupima. Sasa washa wako." Nikawasha uzi wangu. Hakuweza kuona lile tone, lakini harufu ya plastiki ilimfikia, akageuza uso.

Kisha akasema, "Mzee wangu, umeniuza mwaka mzima na hata sukari hukunilipa."

Akarudi kulala. Mimi sikulala.

Niwaambie aliloniambia shosho siku zilizofuata, kwa sababu sikuwa nalijua na nadhani vijana wengi wa huku hawalijui. Yeye na babu walifika Kinangop 1964, walipopata kipande kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Walikuta kondoo wa sufu, na hata walipokatiwa ekari zao waliendelea kufuga wachache. Kila mwaka walinyolewa mara moja, manyoya yakafungwa kwenye magunia, yakauzwa, ada ya shule ikapatikana. Baba yangu alisoma kwa sufu. Baadaye bei ikaanguka. Nyuzi za viwandani zilikuwa rahisi, kisha miaka ya 1990 milango ya mitumba ikafunguliwa na viwanda vingi vya nguo nchini vikafungwa. Mkulima akatazama kondoo, akatazama kiazi, akang'oa nyasi akapanda kiazi. Waliobaki na kondoo wa sufu huwanyoa kwa sababu wasiponyolewa wataugua, halafu manyoya wanayatupa kwenye ua au wanayatia kwenye godoro. Mimi niliyekuwa nikiandika kwa herufi kubwa "kondoo wa Kinangop" nilikuwa nikipita kila siku mbele ya sufu halisi inayooza kwenye ua wa jirani.

Lakini kwanza deni. Nilipitia ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja, jioni tatu. Ukiacha zile 12 za Minnesota, nilikuta watu 74 walionunua kofia 93 kwa bei ya sufu. Tofauti ni shilingi 750 kila kofia. Jumla 69,750. Pikipiki, ambayo nilikuwa nimeshaitengeneza na kumpa mtu aiendeshe, niliiuza 65,000, zilizobaki nikazitoa mfukoni. Nikamwandikia kila mmoja maneno yale yale: kofia niliyokuuzia si sufu, ni akriliki, hajaifuma shosho, nimeifuma mimi mjukuu wake, nakurudishia 750, ukitaka pesa zote, rudisha kofia.

Watu tisa walirudisha. Mmoja alinitukana kurasa mbili, na kila alilosema lilikuwa kweli isipokuwa lile la mama yangu. Mwanamke mmoja wa Nakuru alirudisha ile 750, akaandika mumewe haivui hata akilala, nimnunulie shosho miwani. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Wengi hawakujibu. Kwenye ukurasa nilibadilisha jina, nikaondoa picha ya mikono ya shosho, nikaweka yangu, hii yenye kovu la lami kwenye kifundo. Wafuasi walipungua karibu nusu kwa mwezi mmoja. Kumbe walikuwa wamemfuata shosho.

Steji waliniita Mama Sweta. Bado wananiita. Mwaka jana mmoja wao alikuja usiku, akakaa, akazunguka mazungumzo yote ya dunia, viazi, siasa, mpira wa Uingereza, mpaka mwishoni akauliza sindano zinauzwa wapi.

Sufu ya kweli nilianza kwa kuiharibu. Jirani alinipa manyoya ya kondoo mmoja bure, akiniona nimerukwa na akili. Yalikuwa na uzito wa kilo tatu hivi, yamejaa mafuta, majani na mavi. Nikachemsha maji, nikamwaga sabuni, nikayasugua kwa nguvu kama suruali ya makanika. Yalitoka yamekwamana kuwa kitu kimoja, mkeka mnene usiopenya kidole. Bado tunaukanyaga mlangoni.

Akina mama wa Njabini wanaosokota sufu, maana kumbe wako na wamekuwapo muda wote nilipokuwa nikidanganya, walinicheka kabla ya kunifundisha. Unywele wa kondoo una magamba madogo. Ukiupa joto, sabuni na msuguano kwa pamoja, magamba yanashikana na hayaachani tena. Kwa hiyo sufu hulowekwa, haifuliwi. Maji ya moto yasiyochemka, sabuni, unaizamisha taratibu, unaiacha, unaiinua, unamwaga maji, unarudia kwa maji ya joto lile lile. Mafuta yanayotoka ndiyo lanolini, yale yale yanayotiwa kwenye krimu za ngozi. Wiki ile mikono yangu ya boda boda ililainika mpaka mtu akaniuliza napaka nini.

Kilo tatu zikioshwa hubaki chini ya mbili. Zikichambuliwa kwa zile brashi mbili za meno ya waya, zikasokotwa kwa gurudumu, napata kama kilo moja na nusu ya uzi. Kofia moja hula gramu 90. Hesabu hiyo inanipa kofia 16 kwa kondoo mmoja kwa mwaka mzima. Kusokota sikuweza, uzi wangu ulikuwa na mafundo kama mkia wa ng'ombe. Nawalipa akina mama kwa gramu, na mkulima namlipa kwa kilo, na ndiyo maana kofia ya sufu nauza 1,900. Anayesema ni ghali simbishii. Ni ghali.

Tena ina kasoro, na nazisema zote kabla mteja hajatuma pesa. Sufu ya huku si laini kama ile ya Merino wa Australia inayoshonewa fulana. Kondoo wetu wengi ni mchanganyiko, na paji la uso litawasha wiki ya kwanza. Sasa natia utepe wa pamba ndani ya ukingo. Rangi siwezi kukuahidi, maana kondoo ndiye anayeamua. Kijivu cha mwaka huu si cha mwaka jana. Nondo huila. Na usiioshe kwa mashine. Mteja mmoja wa Kitengela alinitumia picha ya kofia yake iliyooshwa na ovaroli nzito za kazini, kwa maji ya moto: ilikuwa inamtosha mtoto wa miezi mitatu. Nilimfumia nyingine kwa nusu bei, kwa sababu kadi ya maelezo nilikuwa nimesahau kuiweka.

Faida yake ni ile aliyoikosa mtu wa Minnesota. Sufu hunywa unyevu karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujauhisi kwenye ngozi, na hata ikilowa inaendelea kukutia joto. Mchungaji wa ng'ombe kwenye manyunyu ya Julai anaelewa maana ya maneno hayo kuliko mimi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitafuta. Mkulima mmoja ninayenunua kwake ameacha ekari mbili za nyasi bila kuzilima kwa ajili ya kondoo. Mle hushinda ndege mdogo mwenye koo la manjano ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hapatikani nchi nyingine duniani, ni hapa Kenya tu, kwenye nyasi za nyanda za juu kama hizi zetu, na nyasi zikilimwa hana pa kwenda. Wageni huja na darubini kumtazama. Mimi nimepita na pikipiki miaka sita bila kumwona.

Akriliki sijaiacha. Watu hudhani ushuhuda wangu unaishia kwa kuitupa jalalani, hapana. Ni rahisi, haiwashi, hailiwi na nondo, inafuliwa ovyo. Kwa boda boda anayepoteza kofia mbili kwa mwezi, hiyo ndiyo kofia. Naiuza 450 na nimeandika: akriliki, uzi wa kiwandani. Mwaka jana niliuza kofia za sufu 41 na za akriliki 212. Niliogopa neno hilo bure. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maana yake. Waliuliza kama kuna nyeusi.

Mtu wa Minnesota nilimtumia kofia moja ya sufu, bila malipo, na barua ya mkono. Akakaa kimya. Alama mbili za buluu, basi. Wiki ya sita ukaja ujumbe wa sauti, si wangu. "Huu ni wa mama," alisema, na kuanzia hapo akazungumza Kikuyu kitupu, dakika nne nzima, habari za kondoo wa mama yake, habari za mbwa aliyekuwa akiwalinda, habari za baridi. Shosho aliusikiliza mara tatu. Akajibu kwa dakika saba. Tangu hapo wanatumiana sauti kila Jumapili, na mimi kazi yangu ni kubonyeza kitufe. Nikiuliza wanazungumza nini, naambiwa ni mambo ya watu wazima.

Jicho lake la kushoto lilipasuliwa Agosti, mwaka ule ule wa video. Siku bandeji ilipoondolewa alinitazama muda mrefu, akasema nimezeeka. Nyumbani akaomba kofia, ile ya kijivu ya sufu niliyokuwa nayo kichwani. Akaipeleka dirishani, akaigeuza ndani nje, akahesabu kwa midomo. "Mstari wa sita umepinda," akasema, akaivaa mwenyewe, na mpaka leo sijarudishiwa.

Kanisani nilirudi kushuhudia mara ya pili. Nilimwomba mchungaji kabla ya ibada, akaniuliza kama ni lazima, maana ule wa kwanza ulikuwa mzuri. Nikasimama, nikayasema haya kwa ufupi. Amina zilikuwa chache na zilichelewa. Mzee mmoja nyuma alisikika akimwuliza mwenzake, "Sasa kwa hiyo ni yeye ndiye anafuma?"

Sufu ya mwaka huu imebaki ya kofia kumi na moja. Ikiisha nafunga oda mpaka Januari, jua litoke na kondoo wanyolewe. Kila kofia, ya sufu au ya akriliki, inatoka na kipande cha uzi wake, urefu wa kidole, nimekifunga kwenye kadi. Kiberiti utanunua mwenyewe.